Sumukuvu: Watu Wanaoleta Maneno ya Maabara Hadi Mbumbuni

Mkulima wa Mbumbuni anapofungua gunia la mahindi hawezi kutambua kwa macho kama lina sumukuvu. Sumu hiyo, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, haina rangi, harufu wala ladha. Anachoweza kutegemea ni maelezo: jambo lililogunduliwa na mtafiti, likachukuliwa na afisa wa kilimo, mhudumu wa afya au mwanahabari, kisha likamfikia kwa redio, kwenye baraza la chifu au mlangoni pake. Kazi ya hao walio katikati haionekani sana, ila pale inapokosekana. Makueni na Kitui zimewahi kuona hasara ya kukosekana kwake.

Mwaka wa 2004

Mwaka huo hospitali za Makueni na Kitui zilipokea wagonjwa wengi wenye macho ya manjano na maumivu ya tumbo. Ini lilikuwa limeharibika. Dalili kama hizo huletwa pia na homa ya ini ya virusi, kwa hiyo ilibidi vipimo vifanywe kwanza. Kufikia tarehe 20 Julai 2004, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Makueni ilikuwa na wagonjwa 148 na Kitui 101. Waliosalia walitoka Machakos, Thika na kwingineko.

Mahindi yaliyosababisha maafa hayo yalivunwa Februari, wakati mvua isiyotarajiwa ilipokuwa ikinyesha, yakahifadhiwa yakiwa bado na unyevu. Yalipopimwa mahindi ya sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, na sampuli kama 7 katika kila 100 zilipita kiwango hicho mara 50.

Linaloumiza zaidi ni kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 watu 20 waliugua kwa sababu hiyo hiyo katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, na 12 wakafariki. Madaktari walichunguza, wakapata chanzo ni mahindi yenye sumukuvu, na mwaka uliofuata wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet la London. Yaani elimu ilikuwepo, imeandikwa vizuri, miaka 22 kabla ya vifo vya 2004. Ilikuwa imekaa katika jarida ambalo mkulima wa Kisau hakuwa na njia ya kulisoma.

Kazi yenyewe ni ipi

Wengi hudhani kazi ya kueleza sayansi ni kutafsiri maneno tu, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili au Kikamba. Hiyo ni sehemu ndogo. Chukua kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa sasa nchini Kenya: sehemu 10 katika bilioni moja. Hata ikitafsiriwa sawasawa, sentensi hiyo haimsaidii mtu. Afisa anayejua kazi yake ataigeuza: ni sawa na gramu moja ya sumu, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole, ikiwa imesambaa katika magunia zaidi ya 1,100 ya kilo 90. Zile sampuli mbaya zaidi za 2004 zilikuwa na gramu hiyo moja katika magunia 11 tu. Hapo msikilizaji anaelewa kwa nini jicho haliwezi kuamua.

Vivyo hivyo kwa unyevu. Mtafiti husema mahindi yakaushwe hadi asilimia 13 au chini yake. Ni nani kijijini mwenye mashine ya kupima? Maafisa wa nyanjani hufundisha njia ya chupa na chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa hutiwa mahindi hadi kama theluthi moja, huongezwa chumvi kavu, hufungwa na kutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu uliozidi asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isipoganda, bado ni vyema kuyaanika kidogo zaidi, kwa kuwa kipimo hiki hakifiki hadi ile asilimia 13. Sentensi hii ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi, na mtu akaenda nyumbani akidhani amemaliza.

Kuna pia maneno mawili yanayochanganywa kila siku: kuvu na sumu. Kuvu ni kiumbe hai kinachoota kwenye punje. Sumu ni kile kinachoachwa na kuvu hiyo. Mtangazaji akisema kwamba kupika kunaua kuvu, amesema kweli, lakini amemwachia msikilizaji kosa la hatari, kwa sababu sumu haimalizwi na moto wa jikoni. Ugali uliopikwa ukaiva na isyo iliyochemka asubuhi nzima bado vinaweza kuwa nayo. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza kiasi kikubwa, kwa vile sehemu ya sumu huondoka na maganda, ila hakumalizi yote. Kuchambua na kutupa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi pia hupunguza. Punje hizo zikitupiwa kuku au ng'ombe, shida haijaondoka boma. Ng'ombe anayezila huweza kuitoa sumu katika maziwa.

Ugumu wa maneno haya mawili ulijitokeza tena ilipokuja Aflasafe. Dawa hiyo ni kuvu ya jamii ile ile, isiyotengeneza sumu, iliyopakwa kwenye punje za mtama ambazo haziwezi kuota. Mkulima huitawanya shambani, kama kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, nayo hutangulia kukalia nafasi ambayo kuvu mbaya ingeichukua. Ile ya Kenya ilitokana na ushirikiano wa watafiti wa hapa nchini na wa nje, na hutengenezwa katika kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, huko Katumani, Machakos. Kwa mtafiti jambo hili liko wazi. Lakini hebu fikiria mtu aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba kuvu inaua, sasa anaambiwa anunue kuvu aimwage shambani. Asipopata wa kumweleza kwa utulivu, na kumjibu maswali yake bila kumcheka, atakataa, na hakuna wa kumlaumu.

Habari inayorudi

Sehemu ambayo pengine ni muhimu kuliko zote ni ile ya kurudisha maneno kwa mtafiti. Uchunguzi wa 2004 uliwalinganisha watu waliougua na majirani zao ambao hawakuugua. Ilionekana kwamba waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Mtu wa maabara angeweza kuishia hapo na kutoa amri: wekeni mahindi ghalani. Waliozungumza na wananchi walijua sababu. Ulikuwa mwaka wa njaa. Watu walivuna kabla ya wakati na kulala na mahindi yao kwa kuogopa wezi. Amri ya kuyarudisha nje ingepuuzwa, na kwa haki. Ushauri unaoweza kufuatwa ni ule unaolinda chakula dhidi ya unyevu na mwizi kwa pamoja: kuanika juu ya turubai mchana mtu akiwepo, kutoyaweka sakafuni, na yakishakauka vizuri kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa ambayo inaweza kukaa ndani ya nyumba. Mfuko huo ukitiwa mahindi mabichi hausaidii, unafungia unyevu ndani.

Pwani, huko Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza 1989, kilijifunza jambo kama hilo kuhusu utafiti wa afya. Watafiti walipochukua damu za watoto, minong'ono ilienea kuhusu damu hiyo inakopelekwa. Kituo hakikutegemea matangazo peke yake. Kiliunda kikosi cha maafisa wa mahusiano na jamii, na wakaazi wakachagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti, kuuliza na kupeleka majibu vijijini. Maswali yao yamewahi kubadilisha namna watafiti wanavyojieleza wanapoomba ruhusa ya wazazi.

Wanahabari nao

Redio ndiyo njia pana zaidi Ukambani. Radio Mang'elete, iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake huko Nthongoni upande wa Kibwezi, ilianza kurusha matangazo mwaka ule ule wa 2004. Musyi FM na Mbaitu FM nazo hutangaza kwa Kikamba. Hata hivyo mtangazaji wa kipindi cha asubuhi ana dakika chache, na ripoti ya kisayansi ina kurasa nyingi za majedwali. Hapo ndipo huingia watu wa kuwaunganisha. Nchini Kenya chama cha wanahabari wa mazingira, sayansi, afya na kilimo, MESHA, huandaa vikao ambapo watafiti huketi na wanahabari, huulizwa na kujibu kabla habari haijaandikwa. Uingereza ilifungua kituo maalumu cha kazi hiyo mjini London mwaka wa 2002, baada ya mabishano makali kuhusu ugonjwa wa ng'ombe, chanjo na vyakula vya jeni.

Faida ya vikao hivyo huonekana habari inapolipuka ghafla. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye biashara ikaruhusiwa tena kwa masharti. Mtu aliyesikia kichwa cha habari tu angeweza kudhani kwamba sumu inatoka nje na mahindi ya shambani kwake ni salama. Mwanahabari aliyeelekezwa vyema angeongeza mambo mawili. Kwanza, kuvu hii imo katika udongo wa Ukambani, na mahindi yaliyoteswa na ukame huathirika kwa urahisi. Pili, sumu haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa safi na la pili kuwa na sumu nyingi, hivyo kipimo cha konzi moja hakithibitishi shehena nzima.

Utabiri wa mvua

Kwa kuwa sumukuvu huanza na ukame na kumalizikia kwenye unyevu, habari za hali ya hewa zina uzito wake. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kubwa la wakulima wa hapa. Utabiri huja kwa uwezekano, na uwezekano husumbua watu. Ikisemwa kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuwa chini ya kawaida, wengine husikia "hakutanyesha". Maana yake ni kwamba hali hiyo ina uzito kuliko nyingine, lakini mvua ya kawaida au ya kupita kawaida bado zinaweza kuja.

Ili kupunguza kutoelewana huko, kaunti nyingi sasa hufanya vikao vya kupanga msimu, mtindo ulioanza kujaribiwa Garissa mwaka wa 2011. Mtaalamu wa hali ya hewa huketi na wakulima, maafisa wa kilimo, mifugo na afya, wanahabari, na wazee wanaosoma dalili za jadi. Hawabishani nani ni bingwa. Wanauliza: mvua ikiwa chache tufanye nini, ikiwa ya kawaida tufanye nini, ikizidi je? Majibu huandikwa kama ushauri wa msimu na kusomwa redioni na barazani.

Kilimo na afya ni majukumu ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, ilhali hali ya hewa imebaki kwa serikali ya kitaifa, kwa hiyo ushauri mmoja hupita ofisi kadhaa kabla ya kumfikia mwananchi. Mkaazi wa Mbumbuni aliye na swali kuhusu mahindi yake anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi, naye mhamasishaji wa afya ya jamii anayezuru nyumba anaweza kuulizwa kuhusu dalili. Mtu mwenye macho ya manjano na tumbo linalouma apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na mahindi yaliyokuwa yakiliwa nyumbani yasitupwe wala kugawiwa majirani. Yawekwe kando hadi maafisa wa afya ya umma wachukue sampuli.