Unashuka Jangwani: breki unazo, au mbwembwe tu?

Msomaji wangu, wiki hii tuwaweke pembeni kidogo wapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumzie baiskeli. Usifunue ukurasa mwingine! Mimi nikisimama pale Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, nawaona vijana wanavyoteremka kutoka Magomeni Mapipa kwenda Kariakoo, mzigo umejaa kwenye keria, mwendo wa mshale, na roho inanipaa. Kuna ambao breki hawana kabisa. Ukiwauliza utasikia: "Breki za nini braza, mguu si upo?"

Mguu upo, sikatai. Unakandamiza kandambili au katambuga kwenye tairi la nyuma, chombo kinapunguza mwendo. Tena si Bongo tu. Huko Ulaya na Marekani kuna baiskeli ambazo pedeli zimefungwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, na miguu inazunguka, hakuna kupumzika. Zile za mashindano ya uwanjani, hata kwenye Olimpiki, hazina breki. Mwendeshaji anasimama kwa kuzikazia pedeli miguu zisiende mbele. Lakini kule wote wanaelekea upande mmoja, hakuna daladala inayotanua wala mama anayevuka na ndoo ya maandazi.

Sasa sikia kasheshe lilipo. Ujanja wa mguu na ujanja wa pedeli, vyote vinakamata gurudumu la nyuma peke yake. Ukikaza, mwili wako bado unataka kwenda mbele, kwa hiyo uzito unahamia gurudumu la mbele na la nyuma linakuwa jepesi. Likiwa jepesi halishiki lami vizuri, linaburuza. Na tairi linaloburuza linashika vibaya kuliko linalozunguka. Ile alama nyeusi inayokupa sifa mtaani maana yake hukusimama upesi!

Tupige hesabu. Uko kwenye lami kavu, tambarare, mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Sekunde moja ya kushtuka tu umeshakwenda mita 5 na nusu. Halafu kwa gurudumu la nyuma peke yake utahitaji kama mita 6 nyingine. Ukitumia breki zote mbili, kama mita 3. Ongeza mwendo mara mbili, uwe kilomita 40: umbali wa kusimama hauzidi mara mbili, unazidi mara nne! Zile mita 6 zinakuwa kama 25. Lile basi refu la mwendokasi lenye kiungo katikati lina mita 18 tu. Na hapo sijaweka mteremko.

Mzigo je? Nguvu ya mguu wako ni ileile, uwe mtupu au umebeba. Kama una kilo 60 na gunia lina kilo 60, breki ya mguu itakupeleka karibu mara mbili ya umbali wa kawaida. Mvua ikinyesha ndiyo balaa lenyewe. Bonde la Jangwani linajaa maji, yakiondoka yanaacha tope na mchanga juu ya lami, na soli iliyolowa inateleza kwenye tairi kama sabuni. Hata zile breki za vyuma za Phoenix, ringi ikilowa raba zinachelewa kushika, kwa hiyo anza kukamata mapema.

Najua wengi mnaiogopa breki ya mbele, eti inapindua. Inapindua ukiibana ghafla huku umeinamia usukani. Rudisha makalio nyuma, nyoosha mikono, bana zote mbili taratibu, halafu ongeza. Hiyo ya mbele ndiyo inayosimamisha hasa, kwa sababu uzito wote umehamia kwake. Ukiing'oa umejinyima rafiki mkubwa.

Raba za breki zinauzwa hapohapo Kariakoo, na fundi anazifunga kabla hujamaliza kahawa na kashata. Kwa hiyo braza, kabla hujateremka bonde lile kesho alfajiri, bana breki ukiwa bado umesimama. Baiskeli ikiendelea kusogea, shuka uikokote. Watakucheka Magomeni nzima, lakini Kariakoo utafika.

Haya, tukutane wiki ijayo.