Kinu Kisagacho Jiwe kwa Jiwe

Je, wajua ya kwamba katika mitambo mingi ya kutenga dhahabu na shaba, kazi ilayo umeme kuliko zote ni kuyavunja mawe hata yawe unga? Madini aghalabu hutawanyika ndani ya jiwe katika chembe zisizoonekana kwa macho, wala dawa ya kuyatenga haiyafikii ila jiwe limesagwa chembe zake zisizidi, takriban, sehemu ya kumi ya milimita.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kutwanga, mfano wa kinu na mchi. Na kitabu cha Georgius Agricola, tabibu wa Kijerumani, kilichochapishwa mwaka 1556, chaonyesha kwa picha safu za michi yenye vichwa vya chuma ikiinuliwa kwa gurudumu la maji, kisha ikiachwa iangukie mawe. Mwaka 1858 Eli Whitney Blake, wa New Haven huko Marekani, alipewa hataza ya mashine yenye mataya mawili, moja limetulia na la pili lasogea na kurudi, aliyoibuni kwa ajili ya kokoto za barabara. Mashine za kuponda wanazijua pia wachimbaji wadogo wa Geita, Tanzania, wapondao mbale, yaani mawe yenye dhahabu, nao huziita karasha.

Lakini taya huvunja tu, halisagi. Kusaga kukaachiwa pipa la chuma lililolazwa, lizungukalo likiwa na mawe, maji na gololi za chuma, na mwendo wake wataka hadhari: likienda polepole mno gololi hubingirika chini bila kishindo, na likizidi kasi hung'ang'ania ukutani zisianguke, kwa hiyo huendeshwa kwa kadiri ya robo tatu ya kasi hiyo ya kung'ang'ania, ili zipande, kisha ziporomoke kwa nguvu.

Gololi nazo huliwa, na kuzinunua daima ni gharama. Ndipo mafundi walipotengeneza vinu vipana ambamo mapande makubwa ya jiwe huyasaga madogo, gololi zikijaza sehemu ndogo tu ya pipa. Kinu cha namna hiyo kilichoanza kazi mwaka 1998 katika mgodi wa Cadia, Australia, kilikuwa na upana wa futi 40 na mota ya megawati 20 iliyolizunguka pipa lenyewe, isiyohitaji gia.

Walakini, nguvu nyingi ya vinu hivi hupotea kuwa joto na makelele. Klaus Schönert, mwanachuoni wa Clausthal, Ujerumani, alionyesha kwamba tabaka la mawe likibanwa kwa shinikizo kubwa kati ya roli mbili, kila jiwe humvunja jirani yake, na umeme hupungua. Roli hizo zikaingia viwanda vya saruji miaka ya 1980, kisha migodini, ambako mbano wake huacha nyufa ndogondogo zinazoipitisha sianidi, dawa ya kutenga dhahabu, ndani ya jiwe. Hata hivyo, udongo mwingi wenye unyevu huzitaabisha, wala hazifikishi unga wa mwisho. Kwa sababu hiyo pipa la gololi lingali kazini, likipokea kilichokwisha kubanwa na kukimalizia.