Basi linalowafuata wagonjwa wa akili vijijini India

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI ya Agosti 6, 2001, moto ulizuka katika kituo kimoja cha kuhifadhi wagonjwa wa akili huko Erwadi, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Watu 28 walipoteza maisha. Hawakuweza kukimbia, kwani walikuwa wamefungwa minyororo.

Waliowapeleka hapo hawakuwa maadui zao. Walikuwa wazazi na ndugu, waliovutwa na kaburi la walii lililo karibu, linaloaminiwa na watu wa dini mbalimbali kuwa lina baraka ya kuponya. Hospitali ilikuwa mbali, nauli haikuwapo, na nyumbani nguvu zilikuwa zimekwisha. Msomaji wa Dar es Salaam hatalishangaa hilo.

Wengi wa watu wanaofikia hali hiyo huugua skizofrenia, maradhi yanayowasumbua watu zaidi ya milioni 20 duniani. Kwa kawaida huanza ujanani, wakati kijana anamaliza masomo au anatafuta kazi. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwamba anafuatwa au anawekewa sumu, kisha hujitenga na kuacha hata kuoga. Dalili hizi za mwisho ndizo ambazo jamaa huziita uvivu au kiburi, kumbe nazo ni ugonjwa.

Dawa zipo, na nyingine ni za bei nafuu. Tatizo ni kwamba huweza kuleta usingizi, kutetemeka na kunenepa, na mgonjwa anapopata nafuu huona hana haja ya kuendelea nazo. Akiacha, mara nyingi maradhi hurudi.

Pengo hilo kati ya wodi na nyumbani ndilo lililomsukuma Dk. Sarada Menon, mwanamke wa kwanza nchini India kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Baada ya kustaafu uongozi wa hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Madras, sasa Chennai, alianzisha mwaka 1984 taasisi ya hisani ya utafiti wa skizofrenia, SCARF. Alifariki dunia mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 98.

Mbali na kliniki, SCARF ina makazi ya wagonjwa na mafunzo ya kazi, na hukaa na familia kuwaeleza ugonjwa ni nini. Watafiti wake pia wameandika juu ya wanawake ambao ndoa zao zilivunjika kwa sababu ya skizofrenia, wakarudi kwa wazazi wazee bila talaka rasmi wala matunzo. Ni suala ambalo takwimu za hospitali hazilioni.

Mwaka 2010 taasisi hiyo ilipeleka basi katika wilaya ya Pudukkottai, zaidi ya kilometa 300 kutoka Chennai. Mgonjwa hupanda, huketi mbele ya kioo cha video na kuzungumza na daktari aliyeko mjini, kisha hupewa dawa humo humo bila malipo. Kati ya safari moja na nyingine, wahudumu waliofunzwa kutoka vijiji hivyo huwatembelea wagonjwa majumbani na kumtafuta asiyefika.

Je, mhudumu asiye daktari anafaa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet, ambao SCARF ilishiriki, uliwafuatilia wagonjwa 282 kwa mwaka mmoja. Waliotembelewa nyumbani, huku wakiendelea na kliniki, walipata nafuu zaidi ya waliotegemea kliniki peke yake. Tofauti hiyo haikuwa kubwa, na wahudumu hao hawakuchukua nafasi ya daktari.

Kuhusu minyororo, sheria ya afya ya akili ya India ya mwaka 2017 imepiga marufuku kumfunga mgonjwa minyororo kwa namna yoyote ile. Katika kijiji ambacho basi halijafika, familia bado hubaki na mgonjwa wake, na mara nyingi na mlango wa kufunga kwa nje.