Holmes ana sauti Minneapolis; Bwana Msa wetu je?

Nilikwenda Minneapolis kumzuru mdogo wangu. Anakaa Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali wengi. Sambusa na chai ya maziwa hutafuti mbali. Jirani na hapo ipo Maktaba ya Elmer L. Andersen, ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Chini yake, ndani ya mwamba wa ukingo wa mto Mississippi, yamechimbwa mapango mawili ya kuhifadhia vitabu na makaratasi. Mkusanyiko wa Sherlock Holmes wa maktaba hii unatajwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani.

Kilichonigusa mimi ni habari ya redio. Mwaka 1930 Edith Meiser alianza kuvigeuza visa vya Holmes kuwa michezo ya redio ya NBC. Sasa, redio haina macho. Alama ya mguu utaionyeshaje? Akamweka Daktari Watson asimulie na kuuliza, Holmes ajibu, na msikilizaji aone kwa masikio. Baadaye BBC, baina ya 1989 na 1998, ikavitoa visa vyote 60, Clive Merrison akiwa Holmes.

Hapo nikamkumbuka Bwana Msa wetu, na kiko chake, na sahibu yake Najum. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kikachapishwa 1960. Nacho ninacho nyumbani Muscat, kabatini.

Usiku nikampigia mwanangu.

"Ulishakisoma kile kitabu cha babu yako?"

"Mama, Kiswahili nakisikia. Kukisoma kunanishinda."

Sikumlaumu. Nyumba zetu ngapi ziko hivyo? Kiswahili cha jikoni na cha bibi, Kiarabu na Kiingereza cha skuli. Bibi akiondoka, na lugha inamfuata.

Niliporudi tukajaribu. Simu juu ya meza, inarekodi. Ami yake akawa Bwana Msa, mimi Najum, yeye nikampa milango na nyayo: kagonga meza, kaburuta kandambili. Kurasa tatu tu, na kila neno gumu tulisimama tukamweleza.

Tulipofika maiti ya Bwana Ali inapokutwa mzimuni, kandambili zikanyamaza.

"Nani kamuua?"

"Kesho, inshallah," nikamwambia, nikafunga kitabu.

Asubuhi nilikikuta chumbani kwake.