Pengo si sifuri: ijaribu kanzidata yako kabla hujaiamini

Dagaa unaowakuta soko la Mwanga, Kigoma, wamepita njia mbili kabla ya kukufikia. Ya kwanza unaijua: wamevuliwa usiku kwa taa, wakashushwa alfajiri mwaloni, Kibirizi au Katonga, wakaanikwa, wakapakiwa. Ya pili ni ya kwenye karatasi: mtu alisimama mwaloni na daftari, akaandika chombo kipi kimerudi na kimeleta kilo ngapi. Daftari hilo likiingizwa kwenye kompyuta linakuwa jedwali ndani ya kanzidata, na jedwali hilo ndilo linaloulizwa maswali mazito. Samaki wanapungua? Kulipumzisha ziwa kumesaidia?

Maswali hayo si ya darasani tu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila kuvua ni miezi mitatu ya kubana matumizi kwa kaya nyingi za mwambao. Anayetaka kujua kama subira hiyo imelipa atalinganisha mavuno ya kabla na ya baada. Sasa jiulize: kama baadhi ya mistari ya jedwali haina kilo, kompyuta inayafanyia nini hayo mapengo?

Hebu tujaribu wenyewe. Utahitaji SQLite, programu ndogo ya bure inayokaa hata kwenye simu. Karibu kila kitu tutakachokiona hapa kipo pia kwenye PostgreSQL na MySQL, na pale zinapotofautiana nitakuambia.

Mapengo yanayofanana kwa macho

Chukua nafasi moja tupu kwenye daftari la mwaloni. Inaweza kuwa na maana tatu.

Moja, chombo kilikwenda na kikarudi mikono mitupu. Hiyo ni sifuri, na sifuri ni taarifa kamili. Mbili, chombo kilileta samaki ila hakuna aliyeandika: mvua ilinyesha, karatasi ikalowa, au mwandishi alikuwa upande wa pili wa mwalo. Kilo zipo, sisi ndio hatuzijui. Tatu, chombo hakikwenda kabisa. Uvuvi wa dagaa unategemea taa kuwavuta samaki gizani, kwa hiyo siku za mbalamwezi wengi hupumzika. Hapo swali la "kilo ngapi" lenyewe halina mahali pa kukaa.

Kwenye kanzidata, hali ya pili na ya tatu huandikwa kwa alama moja: NULL. Maana yake "hapa hakuna thamani". Si sifuri, wala si neno tupu.

Jedwali la majaribio

Andika hili. Takwimu ni za mfano tu, nimezitunga ziwe chache ili jibu sahihi ulijue kwa kichwa kabla hujaiuliza mashine.

```
CREATE TABLE mavuno (chombo INTEGER, mwalo TEXT, kilo INTEGER);
INSERT INTO mavuno VALUES
 (1,'Kibirizi',120), (2,'Kibirizi',0),
 (3,'Katonga',80),   (4,'Katonga',NULL),
 (5,'Ujiji',40),     (6,'Ujiji',NULL);
```

Ukiwa kwenye dirisha la amri la SQLite, anza na `.nullvalue PENGO`. Bila hivyo NULL huonyeshwa kama nafasi tupu, nawe utashindwa kuitofautisha na neno tupu.

Jaribio la 1: nusu mbili zisizofanya nzima

Vyombo viko sita. Uliza vilivyozidi kilo 50, halafu uliza visivyozidi.

```
SELECT COUNT(*) FROM mavuno WHERE kilo > 50;
SELECT COUNT(*) FROM mavuno WHERE NOT (kilo > 50);
```

La kwanza linajibu 2. La pili linajibu 2. Mbili na mbili ni nne, na vyombo ni sita. Viwili vimekwenda wapi?

Havijapotea. Kanzidata haina majibu mawili tu ya "kweli" na "si kweli". Inalo la tatu, "haijulikani". Je, chombo namba 4 kilizidi kilo 50? Haijulikani. Je, hakikuzidi? Nalo halijulikani, maana kinyume cha "sijui" bado ni "sijui". Na neno WHERE ni kama mlinzi mkali wa getini: anapitisha "kweli" peke yake. "Si kweli" anarudishwa, na "haijulikani" anarudishwa vilevile.

Jaribio la 2: NULL hailingani hata na NULL

```
SELECT COUNT(*) FROM mavuno WHERE kilo = NULL;
SELECT COUNT(*) FROM mavuno WHERE kilo IS NULL;
```

La kwanza linatoa 0, la pili linatoa 2. Fikiria bahasha mbili za mchango wa harusi, zote zimefungwa. Nikikuuliza kama zina pesa sawa, utasema ndiyo kwa sababu zote zimefungwa? Hapana, utasema hujui. Ndivyo ilivyo kwa alama ya `=`: inauliza kilichomo ndani. `IS NULL` inauliza jambo jingine kabisa, yaani kama bahasha imefungwa, na hilo unaweza kulijibu kwa kuitazama tu.

Jaribio la 3: wastani wa nani?

```
SELECT COUNT(*), COUNT(kilo), SUM(kilo), AVG(kilo) FROM mavuno;
SELECT AVG(COALESCE(kilo, 0)) FROM mavuno;
```

Swali la kwanza linaleta 6, 4, 240 na 60. `COUNT(*)` huhesabu mistari yote. `COUNT(kilo)` huhesabu mistari yenye kilo tu. Wastani ni 240 kugawanya kwa 4: mapengo yamerukwa kimyakimya. Swali la pili linatumia `COALESCE`, ambayo hapa inaweka 0 palipo na pengo, kwa hiyo 240 inagawanywa kwa 6 na wastani unakuwa 40.

Tua hapo kidogo. Data ni ileile, mashine ni ileile, wastani mmoja ni 60 na mwingine ni 40. Sasa tuseme takwimu za kabla ya kufunga ziwa zilikokotolewa na mtu anayejaza sifuri, na za baada ya kufungua zikakokotolewa na mtu anayeruka mapengo. Ripoti itasema mavuno yamepanda kwa asilimia 50, na ziwani hajaongezeka dagaa hata mmoja. Ukigeuza mpangilio, ripoti itasema ziwa limeshuka kwa theluthi. Kwa hesabu kama hiyo mtu anaweza kushauri ziwa lifungwe tena, au lisifungwe.

Nani yuko sahihi kati yao? Inategemea sababu ya pengo. Kama vyombo 4 na 6 vilikwenda na havikuandikwa, kuweka sifuri ni kuvisingizia. Kama havikwenda, unachotafuta kinaamua: mavuno kwa kila safari ni 60, mavuno kwa kila chombo kilichopo mwaloni ni 40. Na hata kuruka si salama siku zote. Wenye mavuno madogo wakiwa ndio wanaokwepa kuandikisha, wastani wa waliobaki utakuwa mkubwa kuliko ukweli. Mwanatakwimu Donald Rubin aliliwekea jambo hili msingi mwaka 1976: kabla hujayapuuza mapengo, uliza kama kukosekana kwa thamani kunahusiana na thamani yenyewe.

Kingine cha kuangalia ni jumla. `SELECT 120 + NULL;` inatoa NULL, ilhali `SUM` huruka NULL na kujumlisha zilizobaki. Lakini `SUM` ikikuta mapengo matupu, bila thamani hata moja, nayo inatoa NULL, si 0.

Jaribio la 4: orodha inayonyamaza

Hili ndilo limewanyima watu wengi usingizi. Tuseme tuna jedwali la leseni, na mstari mmoja namba yake ya chombo haikusomeka.

```
CREATE TABLE leseni (chombo INTEGER);
INSERT INTO leseni VALUES (1), (3), (5), (NULL);
SELECT chombo FROM mavuno
 WHERE chombo NOT IN (SELECT chombo FROM leseni);
```

Unatarajia 2, 4 na 6. Hupati kitu. Msomaji wa haraka atafurahi: vyombo vyote vina leseni!

Fuata hoja ya mashine. Kwa chombo namba 2 inauliza: 2 si 1? Kweli. 2 si 3? Kweli. 2 si 5? Kweli. 2 si NULL? Haijulikani. Ili jibu la jumla liwe "kweli", yote manne yanatakiwa kuwa kweli, kwa hiyo jibu ni "haijulikani" na mlinzi anafunga geti. Ukiitafakari, mashine haijakosea: ile leseni isiyosomeka huenda ndiyo ya chombo namba 2. Kinachokosewa ni kusoma kimya chake kama "hakuna tatizo". Ukitaka orodha ya vyombo visivyoonekana kwenye leseni zinazosomeka, ongeza `WHERE chombo IS NOT NULL` ndani ya mabano, au tumia `NOT EXISTS`. Hapo 2, 4 na 6 watajitokeza.

Jaribio la 5: mlinzi mwenye huruma

Ukiweka sharti `CHECK (kilo >= 0)` wakati wa kuunda jedwali, -5 itakataliwa. NULL itapita. Kwa nini? Kwa sababu `CHECK` hukataa "si kweli" peke yake, na "haijulikani" anaachwa aingie. Kinyume kabisa cha `WHERE`. Ukitaka pengo lisiingie, sema waziwazi: `NOT NULL`.

Kuna tofauti pia kati ya mashine na mashine. Ukipanga kwa `ORDER BY kilo`, SQLite na MySQL hutanguliza NULL. PostgreSQL na Oracle huziweka mwisho. Oracle hulichukulia hata neno tupu kuwa NULL. Ndiyo maana jaribio lako lifanyike kwenye programu ileile utakayoitumia kazini.

Tatizo lilionekana mapema

Mpangilio huu wa majedwali ulipendekezwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM, katika makala yake ya mwaka 1970. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alipendekeza alama mbili badala ya moja: moja ya "thamani ipo ila haijulikani", nyingine ya "hapa thamani haihusiki". Yaani karatasi iliyolowa itenganishwe na mbalamwezi. SQL haikuzichukua; ilibaki na NULL moja. Wengine, kama Christopher Date, wanaona NULL yenyewe ingefaa iondolewe kabisa.

Wewe huna haja ya kusubiri mabishano yaishe. Sababu ya pengo iandike mwenyewe, kwenye safu yake:

```
CREATE TABLE mavuno2 (
 chombo INTEGER NOT NULL,
 hali TEXT NOT NULL
   CHECK (hali IN ('kilivua','hakikwenda','hakikuandikwa')),
 kilo INTEGER CHECK (kilo >= 0),
 CHECK ((hali = 'kilivua') = (kilo IS NOT NULL))
);
```

Sharti la mwisho linasema: kama chombo kilivua na kikaandikwa, kilo lazima ziwepo, hata kama ni 0, kama hali ni nyingine, kilo zisiwepo. Jaribu kuingiza `(7,'kilivua',NULL)` uone inavyogoma. Sasa `SELECT hali, COUNT(*) FROM mavuno2 GROUP BY hali;` itakuambia ni vyombo vingapi vilipumzika na vingapi hamkuviandika, na msomaji wa ripoti ataiona idadi hiyo pembeni ya wastani.

Kwa hiyo, ukipewa kanzidata usiyoijua, ya uvuvi, ya zahanati au ya matokeo ya mtihani, anza na maswali mawili mafupi: `COUNT(*)` na `COUNT` ya safu unayoitaka. Yakitofautiana, usikokotoe wastani kwanza. Mtafute aliyeshika daftari umuulize zile nafasi tupu zilikuwa na maana gani, kwa sababu jibu hilo halimo ndani ya mashine.