Punje Zilizomo Ndani ya Madini

Mtu apitaye Kagongwa, katika barabara itokayo Isaka kwenda Kahama, husikia ngurumo za mashine za kukoboa mpunga, na neno punje si geni kwake. Leo twataka kuwaeleza wasikilizaji wetu habari za punje nyingine zisizokobolewa wala kuliwa, nazo zimo ndani ya kila kipande cha madini kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Atakaye kuziona kwa macho na atazame ndoo ya bati ya zamani: yale maua yang'aayo juu yake ni punje za zinki iliyogandia juu ya chuma.

Madini hayagandi yote kwa mara moja. Huanza kwenye ukuta wa kalibu, penye baridi, na hapo huzaliwa punje ndogo ndogo nyingi. Baadaye zile zilizoelekea ndani hushindana kukua, zikawa ndefu kama matete yaliyosongamana. Na kila moja, ikiwa madini yamechanganyika, hukua mfano wa mti mdogo wenye shina na matawi.

Basi, yale yaliyo bado maji hayatulii. Twaona katika chungu cha uji kwamba ulio moto hupanda, na uliopoa hushuka. Ndivyo ilivyo ndani ya kalibu, hata kama hakuna mtu aliyekoroga. Mkondo huo hupita kati ya ile miti midogo, na mahali matawi yaliposhikana na shina ni pembamba sana, hata huyeyuka upesi. Tawi likikatika huchukuliwa na mkondo mpaka katikati. Lisipoyeyuka huko, huwa mbegu ya punje mpya. Kwa hiyo madini yaliyokorogwa hupata punje nyingi, ndogo na za mviringo, na kwa kawaida huwa na nguvu zaidi. Yaliyotulia mno hujaa punje ndefu, nazo zikutanapo katikati hufanya mstari ambapo taka hukusanyika na ufa hupata njia.

Katika viwanda vikubwa vya chuma cha pua na chuma kigumu hukoroga kwa nguvu ya sumaku, bila mwiko wowote kuingia motoni. Tena wataalamu wamepeleka aluminiamu iliyochanganywa na silikoni katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kizungukacho dunia, wakaiyeyusha na kuigandisha huko. Sababu ni kwamba huko vitu vyaelea kama visivyo na uzito, na kilicho moto hakipandi; mkondo hutokea pale tu wanapoutia wenyewe kwa sumaku, nao huweza kulinganisha.

Walakini kwa watu wa nchi yetu ya dhahabu, toka Kahama hata Geita, jambo kubwa si punje peke yake. Mti ule ukuapo hauchukui kila kitu kwa kadiri moja. Huchukua zaidi kile kigandacho mapema, na kingine hukisukuma nje, kikabaki katika maji yaliyouzunguka. Mkondo hukizoa kikaenda kuganda upande mwingine. Dhahabu na fedha hupatana vizuri: dhahabu huyeyuka kwa joto la digrii 1064, fedha 962, nazo zikiwa peke yake hazitengani sana. Ama risasi haipatani na dhahabu hata kidogo. Hufukuzwa mpaka mwisho, ikajipenyeza mipakani mwa punje, na risasi kidogo tu yatosha kuifanya dhahabu ivunjike kama kigae. Shaba na chuma vilivyosalia navyo huweza kuzidi hapa na kupungua pale.

Tangu mwaka 2019, yalipofunguliwa masoko ya madini Geita na penginepo, mchimbaji mdogo huuza dhahabu yake kwa kipimo cha usafi. Chombo cha miale, kielekezwacho juu ya kipande, ni chepesi na chafaa, lakini huona ngozi tu. Kipande kilichogandishwa bila kukorogwa vema, chenye madini mengine ndani yake, ngozi yake yaweza kusema neno na tumbo lake likasema jingine. Na tofauti hiyo, iwe kwa hasara ya muuzaji au ya mnunuzi, ni fedha.

Ndiyo maana wasafishaji waangalifu huyeyusha upya, hukoroga mpaka pawe sawa, kisha huchota kidogo kwa mrija dhahabu ingali maji, kabla ya kuimimina. Penye kipande kilichokwisha kuganda, na mwenyewe hataki kiyeyushwe, hutobolewa kwa keekee ndogo juu na chini, pembe zinazokabiliana, na unga wa matundu yote hupimwa.