Mngurumo katika mashine kongwe ya michezo: Chanzo chake husakwa hatua kwa hatua

Na Mwandishi Wetu

MASHINE za michezo ya video za kutumbukiza sarafu, ambazo zilijaa katika baa na kumbi za burudani nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, leo ni mali ya wakusanyaji wa vitu vya kale na majumba ya makumbusho.

Mojawapo ya mashine hizo ni Asteroids, iliyotolewa na kampuni ya Atari mwezi Novemba 1979. Zaidi ya mashine 70,000 za mchezo huo ziliuzwa. Mwaka 2013 mchezo huo uliingizwa katika hazina ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, na mwaka 2024 ukapewa nafasi katika orodha ya heshima ya michezo ya video inayotunzwa na makumbusho ya The Strong, mjini Rochester.

Hata hivyo, heshima haizuii uzee. Mashine hizo zina umri wa zaidi ya miaka 40, na moja ya dalili za kawaida za uchakavu wake ni mngurumo mzito usiokoma, unaoanza mara tu swichi inapowashwa.

Mngurumo huo si kero ya masikio pekee. Katika Asteroids sauti ni sehemu ya mchezo wenyewe. Kuna mdundo mfano wa mapigo ya moyo, ambao huongeza kasi kadiri duru inavyoendelea, na kuna mlio unaomtahadharisha mchezaji kwamba chombo cha adui kimeingia. Mngurumo unapofunika milio hiyo, mchezaji hukosa taarifa anazozihitaji.

Zaidi ya hayo, mngurumo huweza kuwa onyo kwamba umeme unaolisha chipu za mashine umeanza kuyumba.

Hatua ya kwanza ni kubaini mahali sauti inapotokea. Mashine huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme, waya za spika huondolewa, kisha huwashwa tena. Iwapo mngurumo unaendelea ilhali spika haina waya, basi chanzo si mfumo wa sauti.

Katika hali hiyo washukiwa ni wachache. Wa kwanza ni transfoma iliyo chini ya kabati, ambayo bamba zake za chuma hutetemeka skrubu zinapolegea. Wa pili ni choki ya taa ya tyubu inayoangaza bango la juu lenye jina la mchezo. Taa hiyo ikitenganishwa na sauti ikakoma, jibu limepatikana.

Mshukiwa wa tatu ni kioo chenyewe. Asteroids haichori picha kwa mistari ya mlalo kama televisheni, bali mwale wa elektroni huelekezwa moja kwa moja kufuata umbo la kila jiwe na kila chombo. Koili zinazouelekeza mwale huo huweza kutoa mlio hafifu unaobadilika kulingana na kinachochorwa. Mlio wa namna hiyo si lazima uwe ubovu.

Iwapo mngurumo unatoka kwenye spika, jaribio linalofuata ni la kitufe cha sauti. Ukipanda na kushuka pamoja na sauti ya mchezo, basi unaingia kabla ya kitufe hicho, yaani kwenye bodi ya mchezo au waya zake. Usipobadilika hata sauti ikipunguzwa kabisa, wa kutazamwa ni amplifaya na umeme unaoilisha.

Aidha, uzito wa sauti nao ni ushahidi. Umeme wa majumbani nchini Marekani huwa na mizunguko 60 kwa sekunde, na baada ya kupita katika diodi nne za kuunyoosha, mawimbi yanayobaki huwa 120 kwa sekunde. Kwa Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa mizunguko 50, idadi hiyo huwa 100. Huu ndio mngurumo ambao wasikilizaji wa redio za zamani wanaufahamu vyema.

Mngurumo wa 120 huelekeza kidole kwa kapasita za kuchuja umeme. Ule wa 60, ambao ni mzito zaidi, huashiria hitilafu ya waya wa ardhi au diodi iliyokufa.

Kapasita hizo hufanya kazi mithili ya tangi la maji: hujaa umeme unapopanda na kuutoa unaposhuka, ili chipu zipate mkondo mnyoofu usio na mawimbi. Ndani yake mna kimiminika ambacho hukauka kwa miaka na joto. Kikishakauka, tangi hupungua na mawimbi hupita hadi kwenye spika.

Mashine za Atari za wakati huo zina kapasita moja kubwa ya rangi ya buluu chini ya kabati, ambayo mafundi wengi hukimbilia kuilaumu. Lakini kapasita hiyo hulisha hasa umeme wa volti 5 wa bodi ya mchezo. Amplifaya zipo katika bodi nyingine, ambayo hurekebisha volti hizo 5 na wakati huohuo kukuza sauti, nayo ina kapasita zake yenyewe. Kubadili ile ya buluu pekee huenda kusiondoe mngurumo.

Njia ya uhakika ni kupima. Mita ikiwekwa upande wa mkondo mnyoofu, bodi ya mchezo inapaswa kupata volti 5 au kuzidi kidogo sana. Ikiwekwa upande wa mkondo geu katika sehemu hiyohiyo, inapaswa kusoma sehemu ndogo mno ya volti. Kipimo kikubwa humaanisha kwamba uchujaji umeshindwa.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Fundi asiye na subira, akiona volti zimepungua, huzungusha kirekebishi ili kuziongeza. Mara nyingi tatizo huwa ni viunganishi vilivyoungua au kushika kutu, na volti zinazoongezwa upande mmoja huweza kuzidi kiwango siku kiunganishi kinaposafishwa. Chipu za mwaka 1979 zikiungua, kupata nyingine ni kazi ngumu, kwani baadhi hazitengenezwi tena.

Kwa hiyo viunganishi husafishwa kwanza, kisha kapasita hubadilishwa, na volti hupimwa upya kabla ya kugusa kirekebishi. Kapasita mpya isiwe na kiwango cha volti kilicho chini ya ile ya awali, na ncha zake za chanya na hasi zisigeuzwe, kwani ikifungwa kinyume huweza kupasuka.

Jambo la mwisho ni usalama. Ndani ya kabati mna umeme wa moja kwa moja kutoka ukutani, na kioo hubeba maelfu ya volti ambazo huweza kubaki hata baada ya mashine kuchomolewa. Asiye na ujuzi wa kuondoa chaji hiyo asiguse upande wa kioo, bali amwite fundi wa televisheni za zamani aliyezoea kazi hiyo.

Kapasita ni kifaa cha bei ndogo, ilhali bodi iliyoungua huweza kuifanya mashine nzima kuwa kabati tupu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mashine hizi, ufa hujitangaza kwa mngurumo.